Sasa Nina Pa Kulalamikia

Nililima bangi kwa miaka mingi kwenye miteremko ya Mlima Meru, wilayani Arumeru, na nimeiacha. Wanaoniuliza niliachaje hutegemea jibu moja kati ya mawili: niliokoka, au nilikamatwa. Kanisani nilikuwa nakwenda wakati naipanda na ninakwenda hadi leo, na pingu hazijawahi kugusa mikono yangu, namshukuru Mungu. Sababu yangu ni nyingine. Nimeamua kuieleza kwa kuwa sijaisikia ikisemwa hata siku moja kwenye mikutano tunayoitiwa kila operesheni ya kufyeka bangi inapomalizika, na kwa kuwa najua wako wanawake wenzangu, hapa Arusha na kule Tarime, ambao inawahusu.

Huku kwetu juu ni baridi. Ukungu hutanda mpaka saa nne asubuhi, na udongo ni mweusi, wa majivu ya volkano, unakubali karibu kila kitu. Ukiteremka kuelekea Ngare Nanyuki utakuta mifereji na mashamba ya nyanya na vitunguu. Sisi wa juu tunategemea mvua. Huku ndiko iliko Sekondari ya Kisimiri, shule ya serikali iliyowahi kushika nafasi ya kwanza nchi nzima katika mtihani wa kidato cha sita. Nalitaja hilo kwa makusudi. Watu wakisikia Kisimiri wanafikiria bangi tu, na watoto wetu wakienda mjini wanaonekana wahuni kabla hawajafungua mdomo.

Mume wangu alifariki akaniachia watoto, shamba lisilofika ekari mbili, na mistari michache ya bangi katikati ya mahindi. Mistari ile niliikuta, nami nikaiongeza. Viazi vilivyovunwa kipindi cha masika vilikaa kando ya njia vikisubiri gari lisiloweza kupanda tope, na likifika, gunia limeshaanza kunuka. Bangi ikikauka haiozi. Ni nyepesi, pikipiki moja hubeba jasho la msimu mzima, na mnunuzi anakufuata mwenyewe mlangoni. Fedha anakupa hata kabla hujapanda. Mtu wa benki hajawahi kufika mlangoni kwangu, yeye alifika. Mjane mwenye watoto shuleni hawezi kuyapuuza hayo, na simlaumu yeyote aliyepita njia hiyo.

Kazi yake naijua kwa mikono. Unapanda mvua zikianza, ndani ya mahindi, ili mmea ujifiche ukiwa bado mchanga. Ukianza kuonyesha jinsia unapita mstari kwa mstari ukiyang'oa madume, maana dume likibaki, majike yanajaa mbegu na mnunuzi anashusha bei. Wakati wa kuvuna utomvu unakuganda vidoleni, mweusi, mzito, sabuni na maji haviutoi. Tulikuwa tunajipaka mafuta ya kula kwanza, ndipo tunasugua kwa majivu. Tulianika darini, juu ya jiko, moshi wa kuni ukipita katikati ya matawi usiku kucha, na watoto walilala chini ya dari hiyo hiyo.

Asubuhi moja binti yangu, akiwa darasa la tano, alirudi nyumbani kabla ya mapumziko akiwa amelikunja sweta lake mkononi, pamoja na baridi yote ile. Hakusema kitu. Alilitia kwenye beseni, akalifua, akalinusa, akalifua tena. Mwalimu alikuwa amemwambia mbele ya darasa zima ahamie dirishani. Tangu siku hiyo sweta la shule lilikaa kwa bibi yake, na kila alfajiri alipitia huko kulichukua.

Sheria tulikuwa tunaijua. Kulikuwa na ile ya mwaka 1995, kisha mwaka 2015 ikatungwa mpya, na mwaka 2017 ikarekebishwa na kukazwa zaidi. Mwaka huo huo Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ikaanza kazi, ikiwa na nguvu ya kupeleleza na kukamata, nguvu ambayo tume iliyoitangulia haikuwa nayo. Kulima bangi kunaweza kumfunga mtu miaka 30. Mwenye shamba hawezi kujitetea kwamba aliyepanda ni mwingine: ukiruhusu ardhi yako itumike, kosa ni lako pia. Mirungi nayo imo humo humo, ingawa ukivuka mpaka pale Namanga unaikuta inauzwa sokoni mchana kweupe kwa jina la miraa.

Jirani yetu mmoja alifungwa miaka hiyo 30. Mtoto wake wa mwisho alikuwa bado ananyonya. Mnunuzi wake, yule aliyempa fedha na mbegu na kumpangia hadi siku ya kuvuna, alionekana msimu uliofuata katika kijiji cha pili akiendelea na shughuli zake. Hilo linaniuma hadi leo, na nitalisema popote nitakapopewa nafasi. Sheria inamfikia kwa urahisi mwenye jembe, kwa sababu shamba halikimbii. Mwenye fedha hana shamba.

Lakini hata hofu ya jela haikunitoa. Hofu mtu huizoea, analala nayo na kuamka nayo. Kilichonitoa ni kuona, jambo moja baada ya jingine, kwamba sikuwa na mahali popote pa kupeleka malalamiko yangu.

Anza na bei. Mnunuzi alikuja na mizani yake, na mara nyingine hakuja nayo, akapima kwa debe na kwa macho. Akisema kilo ni hizi, ni hizi. Bei ya mjini ikipanda hatukuambiwa. Ikishuka, tuliambiwa usiku huo huo. Msimu mmoja alichukua mzigo wangu wote kwa ahadi ya kulipa akirudi, akarudi na habari kwamba umekamatwa njiani. Umekamatiwa wapi, na nani, karatasi iko wapi? Hakuna. Na zile fedha alizonitangulizia zikabaki kuwa deni. Ningemwendea nani, mwenyekiti wa kitongoji au polisi? Nilimchemshia chai, akanywa, akaniambia, "Vumilia, mama, msimu ujao tutafidia," akawasha pikipiki yake.

Halafu ikaja ardhi, na hapo ndipo palipouma hasa. Kwetu mpaka huwekwa kwa mimea ya masale, na mtu mwenye akili zake hagusi masale. Shemeji yangu aliyang'oa, akayapanda upya hatua kadhaa ndani ya shamba langu. Nilimfuata, nikamwambia, "Shemeji, mpaka wa kaka yako unaujua." Hakupandisha sauti. Alinijibu kwa upole, kama mtu anayekushauri: "Nenda baraza la kata, shemeji. Nami nitakuja kuwaeleza kilichopandwa katikati ya mahindi."

Nilirudi nyumbani nikakaa kwenye kigoda hadi jua likazama. Nilikuwa nimehudhuria semina ya kina mama, nikafundishwa kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya ardhi sawasawa na mwanamume. Kijitabu chake nilikuwa nacho kabatini. Haki ilikuwepo, imeandikwa, nami nilikuwa naijua, na isingeweza kunisaidia kwa lolote maadamu mistari ile ilikuwa imesimama shambani.

Baada ya hapo nikaanza kuona mengine ambayo nilikuwa nayapita tu. Vijana waliojua siri yangu walikuja kuomba, na kuwanyima nisingeweza. Aliyetaka kuni alikata kwenye miti yangu. Mwanamume mmoja, mwenye mke na watoto, alinigongea mlango usiku akijua kabisa sitapiga yowe, kwa kuwa majirani wakija na tochi watatazama hadi darini. Nilisukuma meza mlangoni, nikakaa macho hadi asubuhi na watoto wangu. Kesho yake alinisalimia njiani bila wasiwasi wowote. Hayo ndiyo maisha ambayo bei ya bangi haiyahesabu. Watu wanalinganisha gunia la bangi na gunia la viazi, wanaona tofauti ya fedha, wanashangaa kwa nini mtu aache. Nilichokuwa nalipa mimi hakimo kwenye hesabu hiyo.

Mwaka huo huo mtoto wa dada yangu, aliyekuwa akitusaidia kuvuna na kuanika, alianza kusikia sauti. Alikuwa na miaka 17, anavuta tangu akiwa na 14. Alikataa chakula cha bibi yake akisema kina sumu, akalala porini. Ukoo ulisema amerogwa, fedha zikaenda kwa mganga, na alipoanza kumtishia bibi kwa panga ndipo tukampeleka hospitali. Muuguzi aliyetupokea alikuwa mama wa makamo, mvumilivu. Alitueleza kwamba si kila anayevuta anafika hapo. Wapo wazee wanaovuta miaka yote na wanalima kutwa. Ila anayeanza akiwa mdogo, akavuta sana, na hasa kama kwenye ukoo kuna ugonjwa wa akili, anajiweka hatarini zaidi. Dada yangu aliuliza kama hawawezi kumpa methadoni, maana alisikia inawasaidia vijana wa Dar es Salaam. Muuguzi akasema methadoni ni ya wanaotumia heroini, ndio waliofunguliwa kliniki kuanzia Muhimbili mwaka 2011. Bangi haina dawa ya namna hiyo. Huyu atatibiwa ugonjwa wake wa akili, na bangi aachane nayo kabisa. Kisha akauliza, "Anaipata wapi?" Dada yangu alinitazama. Sote wawili tukainamisha vichwa.

Bangi niliing'oa mwenyewe, mimea ikiwa imefika kiunoni, kabla ya maua. Tulikuwa wawili, mimi na binti yangu, na tuliifukia kwenye shimo nyuma ya zizi. Sikusubiri kijiji kiamue wala operesheni ije. Nilimuuza mtamba niliyekuwa nimemlea tangu ndama, nikamlipa mnunuzi deni lake lote mbele ya mzee mmoja wa ukoo, ili asije akaibuka na madai mengine. Alizipokea fedha, akazihesabu, akaniambia nitarudi. Wengi hurudi, hilo ni kweli, na sababu ninaijua kwa tumbo langu: mwaka uliofuata ulikuwa wa njaa. Nilishuka Ngare Nanyuki kufanya kibarua kwenye mashamba ya nyanya, nikabeba pampu ya dawa mgongoni bila kitambaa puani, nikarudi usiku kichwa kinagonga. Binti yangu alikaa nyumbani muhula mzima. Anayekwambia kwamba kuacha bangi ni suala la kuamua tu hajawahi kukaa nyumba isiyo na unga.

Kilichotuvusha ni kikundi cha kina mama. Tulikuwa tunaweka akiba kidogo kidogo, mtindo wa VICOBA, na nilipokuwa nalima bangi nilikuwa naweka hisa ndogo kuliko wote ili nisiulizwe fedha natoa wapi. Sasa nikasimama kwenye kikao nikaomba mkopo wa mbegu ya viazi, nikasema wazi ni kwa ajili gani. Bwana shamba alitushauri mbegu ya Asante, akatufundisha kukagua ukungu wa majani kila mvua inapokatika, na kuzungusha mazao ili mnyauko usikae ardhini. Viazi vikitunzwa vinakuwa tayari ndani ya miezi mitatu hadi minne. Nilivichimba kwa mikono kwa kuogopa kuvikata na jembe.

Na sasa nifike kwenye siku ambayo kwangu ndiyo siku ya ushuhuda huu. Alikuja mnunuzi na lori kutoka Arusha mjini, anakusanya viazi vya kupeleka soko la Kilombero. Vijana wake walijaza gunia likafika mdomoni, kisha wakaanza kushonea wavu juu yake ili waendelee kujaza. Hiyo ndiyo lumbesa, na kila mkulima wa viazi au vitunguu nchi hii anaijua: unauza gunia moja, anaondoka na gunia na nusu. Nilisema, "Ishia hapo." Kijana akanitazama. Nikasema, "Gunia mwisho kilo 100, sheria ya vipimo inasema hivyo. Ukiendelea kushona, namwita mtendaji sasa hivi, na Wakala wa Vipimo wana ofisi hapo mjini." Magoti yalikuwa yanatetemeka ndani ya gauni. Yule mnunuzi alicheka, akasema wakulima wengine hawana maneno mengi. Nikamwambia basi akanunue kwao. Watu walikuwa wamesimama pale, jua la saa sita, wanasikia kila neno. Akakaa kimya kidogo, kisha akamwambia kijana akate uzi.

Nilipewa karatasi yenye jina langu, idadi ya magunia na bei. Fedha zenyewe, kusema kweli, hazikufika zile za bangi, na nisingependa mtu asome hapa akadhani zilifika. Lakini nilikuwa nimegombana na mnunuzi hadharani, juu ya mazao yangu, nikashinda, na hakuna mtu duniani aliyekuwa na neno la kuninyamazisha.

Juma lililofuata nilikwenda baraza la kata kuhusu mpaka. Wajumbe walikuja shambani na mzee mmoja aliyekuwepo ardhi ile ilipogawanywa. Alitembea bila haraka, akapiga fimbo pale yalipokuwa masale ya zamani, na kweli mizizi yake bado ilikuwepo ardhini. Tulisuluhishwa, masale yakarudi. Shemeji yangu na mimi tunasalimiana, watoto wetu wanachunga pamoja.

Siku hizi vijana huja kuniuliza bangi itahalalishwa lini, kana kwamba mimi ninajua. Mwaka 2022 walikuwa wanasikiliza redioni habari za George Wajackoyah wa Kenya, aliyegombea urais akiahidi kulipa madeni ya nchi kwa bangi. Kura alizopata hazikufika asilimia moja, lakini maneno yake yalivuka Namanga haraka. Wanataja Lesotho, iliyoanza kutoa leseni mwaka 2017, na Malawi, iliyotunga sheria yake mwaka 2020, na Afrika Kusini, ambako Mahakama ya Katiba mwaka 2018 iliruhusu mtu mzima kuvuta na kulima kwa matumizi yake mwenyewe nyumbani kwake. Siwapingi kwa hasira. Ila nawauliza leseni hizo wanapewa nani. Bangi ya dawa inataka uzio, walinzi, vipimo vya maabara na mnunuzi wa ng'ambo. Mjane mwenye mistari ndani ya mahindi haingii hapo, na ile mistari yake inabaki kuwa kosa. Kama nchi yetu itafika siku ya kulijadili jambo hili, mimi nitauliza swali moja tu: mkulima mdogo akidhulumiwa, ataruhusiwa kufungua mdomo? Kama jibu ni ndiyo, tuzungumze. Na kuhusu miaka 30, msimamo wangu ni kwamba mzigo huo upelekwe kwa anayefadhili, si kwa anayepalilia.

Kwa wanaosimamia operesheni nina ombi, na ninaliomba kwa heshima. Mkifyeka shamba la mtu wakati mahindi yake yanakaribia kukomaa, msimu wa kupanda umeshapita. Ile kaya haina cha kuvuna na haina cha kupanda, na mnunuzi anajua hivyo. Anafika na fedha zake kabla moshi haujatulia. Mbegu ya viazi na maharage ifike kabla ya vuli, pamoja na bwana shamba, na greda lipite kwenye barabara yetu kabla ya masika. Hivyo viwili vingewatoa watu wengi kuliko mapanga.

Kikundi chetu kimeanza na kidogo tulicho nacho. Kila mwanachama akivuna anatenga debe la mbegu kwa ajili ya mwanamke mwingine anayetaka kuacha, naye akivuna anatenga kwa ajili ya mwingine. Mke wa yule jirani aliyefungwa alipata mbegu yake mwaka jana, na mwaka huu ametoa. Orodha ya vuli imeshajaa. Ya masika bado ina nafasi. Anayetaka kuandikwa aje mchana, apite barabara kubwa, aulize nyumba ya mwenyekiti wa kikundi. Atanikuta mimi.